Mkufu wa Shaba na Kichwa Kilichonyolewa

Habari hii niliambiwa na Kaveke mwenyewe, mwezi wa pili mwaka huu, tulipokuwa tukipura ndengu uani kwangu. Kaveke ni msichana wa miaka kumi na miwili, na kwao si mbali na Mutomo. Alinisimulia huku akipepeta, na kila alipofika mahali pa aibu alipepeta kwa nguvu zaidi, hata mimi nikajaa makapi.

Kwao hufanya kazi ya mikufu ya shaba. Babu yake, mzee Nzau, alifundishwa na baba yake. Kila siku baada ya shule Kaveke huchota maji, huwafungia mbuzi zizini, kisha huketi kwenye kigoda kando ya babu. Babu huzungusha waya mwembamba kwenye kijiti cha chuma na kuukata vipete vidogo vidogo. Kaveke huvipachika kimoja ndani ya kingine, akivifunga kwa koleo ndogo. Vikishakuwa vingi, mkufu humiminika mkononi kama mbegu za wimbi kutoka kwenye kibuyu.

Lakini mkufu hauuzwi mpaka upimwe. Kipete ambacho hakikufungwa sawasawa hukioni kwa macho, ila kitashika nguo na kuichana. Kwa hiyo mkufu huvutwa polepole juu ya nywele za mtu. Ukinasa hata unywele mmoja, unarudi kwenye koleo. Babu Nzau ana upara. Nywele za kupimia ni za mke wake, Kalondu, ambaye Kaveke humwita susu, maana ndivyo tunavyomwita nyanya hapa kwetu.

"Mungu alininyima nywele," babu hupenda kusema, "akanipa mke aliye nazo."

"Na mke akapewa uchungu," susu humjibu.

Mwezi wa kwanza, Mama Qamar aliagiza mkufu wa kufunga kiunoni. Huyu ni Ismahan, mwenye duka la nguo pale Mutomo. Binti yake Qamar alikuwa anaolewa siku ya Jumapili, na Ismahan mwenyewe alitaka kuuvaa mkufu huo juu ya gauni lake la hariri, hariri nyepesi kama ganda la kitunguu.

Wiki hiyo ya arusi susu alikuwa Kalamba, kumwangalia dada yake aliyekuwa mgonjwa. Alhamisi jioni babu alimpa Kaveke mkufu.

"Macho yangu yamechoka," alisema. "Shibiri hii ya mwisho umalizie wewe. Kisha umpelekee mama Mutisya aupime. Yule ana nywele za kutosha."

Mama Mutisya anakaa ng'ambo ya mto mkavu, na mchanga wa mto ule unachosha miguu. Wakati huohuo Mwongeli, rafiki yake, alikuwa amesimama uani na mpira.

"Kaveke, unakuja au umeolewa na huo waya?"

"Nakuja. Nisubiri kidogo."

"Tumekusubiri tangu jana."

Kaveke alivifunga vipete vya mwisho harakaharaka. Akautazama mto, akautazama mpira. Kisha akauinua mkufu, akauvuta juu ya kichwa chake mwenyewe.

Sasa, Kaveke alikuwa amenyolewa wiki hiyo, shule ilipofunguliwa. Kichwa chake kilikuwa laini kama kibuyu kipya. Mkufu uliteleza bila kushika chochote. Akauvuta mara ya pili, kusudi aweze kusema aliuvuta mara mbili.

Usiku babu aliuliza, "Umepimwa?"

"Umepimwa, babu."

"Umenasa?"

"Haukunasa popote."

Babu alifurahi. Aliukunja kwenye kitambaa safi, akamsogezea Kaveke kiazi chake mwenyewe. Kaveke alikila bila kumtazama.

Jumamosi waliondoka mapema kwenda Mutomo. Ismahan aliwapokea kwa chai, akatandaza gauni lake mezani. Lilikuwa la kijani, na upepo wa mlangoni ulitosha kulitikisa.

"Mzee Nzau, huu hautanichania?" aliuliza. "Siku ni kesho, na gauni jingine sina."

"Mama Qamar, tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyenirudishia mkufu," babu alijibu. "Huu nakupa kwa jina langu."

Ismahan aliuinua mkufu. Kaveke aliiona shibiri yake, ile ya mwisho, ikining'inia na kushuka taratibu kuelekea kwenye hariri.

"Mama Qamar, tafadhali usiuweke," alisema.

"Kwa nini?"

"Haukupimwa."

Babu aligeuka. "Uliniambia umepimwa."

"Niliuvuta kichwani mwangu, babu."

Babu alikitazama kile kichwa kilichonyolewa. Halafu akavua kofia yake, ambayo huivua kanisani tu.

"Nisamehe, Mama Qamar," alisema. "Nimekupa jina langu, kumbe sikuuliza vizuri."

Kaveke aliniambia afadhali angechapwa fimbo kuliko kumwona babu yake akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Ismahan alikitazama kichwa cha babu kikimetameta, akakitazama cha Kaveke. Akaanza kucheka.

"Mmeniletea vichwa viwili, na unywele hakuna hata mmoja," alisema. "Mzee, hebu nenda ukakae nje kidogo."

Babu alipotoka, Ismahan alivuta pazia, akavua ushungi wake. Nywele zake zilikuwa ndefu, zimetiwa hina.

"Haya, vuta."

Kaveke alivuta polepole. Sehemu ya babu ilipita vizuri. Ilipofika shibiri ya mwisho, Ismahan alikunja uso.

"Hapo. Umening'oa mmoja."

Mkufu ulinasa mahali patano. Babu, ambaye hatembei bila koleo mfukoni, aliipitisha chini ya pazia. Kaveke alifunga kipete kimoja baada ya kingine, safari hii bila haraka. Akavuta tena, na tena.

"Unavuta?" Ismahan aliuliza.

"Ndiyo, navuta."

"Basi umepona. Mimi sisikii kitu."

Njiani kurudi walipita soko la mbuzi. Ndipo babu aliposema, "Ulisema kabla nguo haijachanika. Hilo nimeliona." Kaveke akampokea mfuko, wakaendelea kutembea.

Susu alikuwa amekwisha rudi kutoka Kalamba. Baada ya chakula Kaveke alimweleza yote mwenyewe, bila kungoja babu aseme. Susu hakumgombeza.

"Mjukuu wangu," alisema, "usiipime kazi yako kwa kichwa kisichoumia. Mpelekee mtu atakayesikia uchungu, akwambie. Na ukiulizwa neno, jibu lile uliloulizwa, si lile la kukuokoa."

"Nimesikia, susu."

"Haya. Mimi safari imenichosha." Akajilaza mkekani, karibu na jiko.

Kaveke alichukua vipete vilivyobaki, akaunganisha mkufu mdogo, shibiri moja tu. Hakuna aliyemtuma. Alipomaliza, babu alikuwa anakoroma kitini na susu amesinzia. Kaveke alipiga magoti, akauweka mkufu juu ya zile nywele nyeupe, akauvuta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Susu hakuamka.

Akauvuta tena. Pumzi za susu hazikubadilika. Kaveke akautia mkufu ndani ya kopo la babu la mikufu iliyokwisha pimwa, akajilaza ubavuni mwa susu yake, akalala.