Paka wa Makopo na Kisu cha Mama

Miaka ile Kihesa ilikuwa bado mashamba ya mahindi na vijia vya kwenda mtoni, na baridi ya Juni ilikufanya uamke umekunja magoti hadi kidevuni. Severina aliamka hivyo kila siku. Alichochea moto, akachota maji, akafagia uwanja, ndipo akavaa gauni lake la shule. Katika kazi zote hizo Lulu alimfuata nyuma, mkia wima.

Lulu alikuwa paka mweupe wa manyoya marefu. Shangazi Rozalia alikuwa yaya kwa mama mmoja wa Kizungu mjini Iringa, na mama yule aliporudi kwao Ulaya alimwachia paka pamoja na makopo manane ya chakula chake. Kwa shangazi kulikuwa na mbwa wawili wakali, basi akamleta Lulu kwa Severina. Majirani walikuja kutazama maajabu: kopo linafunguliwa, ndani mna samaki aliyepondwapondwa, na anayekula ni paka. Apolonia, aliyesoma na Severina darasa la nne, aliinusa ile harufu akameza mate.

"Mwenzangu, hata Krismasi sikupata kitoweo kinachonukia hivi," alisema. "Nami niandikeni paka."

Kopo la nane lilipokwisha, shida ikaanza. Lulu alipewa ugali na mchuzi wa maharage. Akanusa, akakung'uta mguu kama aliyekanyaga tope, akaondoka. Mama yake Severina alisema njaa itamfundisha, kwani paka wote wa Kihesa wanakula ugali, na panya wa ghalani wapo. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mbavu zikaanza kuhesabika. Severina naye akawa hali vizuri.

Apolonia ndiye aliyemtia maneno. Alisema paka ni mdogo wake chui, na nani amewahi kumwona chui akipikiwa? Anataka nyama mbichi, basi.

Jumamosi Severina alipita machinjioni. Desturi ya pale ilijulikana: nyama nzuri bwana afya aliipiga mhuri wa zambarau, mapafu na maini yenye kasoro yalitupwa kwenye debe, yakasubiri kuzikwa shimoni. Kila mtoto alijua debe lile haliguswi. Mzee Kalinga, mchinjaji, alipogeuka kunoa kisu chake, Severina akachopoa kipande cha pafu, akakifunga kwenye jani la mgomba, akaenda zake mbiombio.

Nyumbani alisema amepewa mabaki na Mzee Kalinga. Mama alikuwa anatoka kwenda shamba na Fanueli mgongoni, mdogo wake Severina wa mwaka mmoja na nusu, hivyo hakuuliza zaidi. Alimwambia tu akakatie nje. Severina akachukua kisu, na nyumba ile ilikuwa na kisu kimoja tu, akalikata pafu nyuma ya ghala. Lulu alikula huku akinguruma. Severina alicheka kwa furaha, akafuta kisu kwenye majani, akakirudisha kwenye kapu la vyombo.

Mchana mama alirudi na papai bivu lililotoka bondeni Pawaga. Alikaa kwenye kigoda, akaingiza mkono kapuni, akatoa kisu. Severina alikiona kikizama ndani ya papai. Akisema, itajulikana alikoitoa nyama, na Lulu atafukuzwa. Akanyamaza. Fanueli akapewa vipande, akavila hadi mashavu yakang'aa. Mama alipomnyooshea Severina kipande chake, alisema ameshiba.

Jumapili usiku Fanueli alianza kuharisha, mwili ukawa moto. Jumatatu asubuhi macho yalikuwa yamezama na hakulia tena kwa sauti. Nyuma ya ghala Lulu naye alikuwa anatapika. Mama alimfunga mtoto kifuani badala ya mgongoni, apate kumwona uso, na njia nzima ya zahanati alimwita jina lake, akingoja kila mara aitike hata kwa kugeuza macho. Severina alifuata na nepi.

Bwana Joachim, dresa wa zahanati, alimgusa mtoto paji la uso, akasema homa ya mbu imekuwa nyingi mwezi huu, akashika chupa ya dawa yake. Akauliza mtoto amekula nini. Mama akataja uji, ugali laini, papai.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, bwana dresa."

Kijiko kilikuwa kimekwisha kujazwa.

"Kisu," Severina alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Kisu kilikata pafu la kwenye debe. Sikukiosha. Mama akakatia papai."

Bwana Joachim akaweka kijiko chini. Alichukua chupa nyingine, akaagiza maji yachemshwe, na Fanueli akalazwa siku tatu. Kabla Severina hajarudi nyumbani, alimwita kando, akasikiliza habari yote ya Lulu, ya makopo na ya chui.

"Mwanangu, chakula cha makopo kilipikwa kiwandani. Wewe ulichukua kitu kilichokwisha kukataliwa, tena kibichi. Na paka si chui. Chui halali jikoni kwenu."

Siku zile tatu mama hakumpiga Severina wala kumgombeza. Lulu alipona pia. Severina alimchemshia dagaa, akawaponda ndani ya ugali, kila siku akipunguza dagaa kidogo, mpaka paka wa Kizungu akawa paka wa Kihesa, na panya wakajua hivyo.

Siku Fanueli aliporudi na kumvuta Lulu mkia, mama alikaa kwenye kigoda chake, akamwita binti yake.

"Kisu nimekisugua kwa jivu na maji ya moto, kimetakata," alisema. "Lakini papai lile ulilikataa, Severina. Ulijua. Kosa la kutokujua husameheka upesi. Ukijua jambo la hatari, usijiokoe peke yako. Sema, hata kama utachapwa."

Leo Severina ana wajukuu. Akiwakatia papai, hukiosha kisu kwanza, na kipande cha kwanza hukila yeye, huku wanamtazama.