Herufi Ndogo Juu ya Jina

Kila asubuhi, kabla masomo hayajaanza, Chizuru alisoma matangazo ya shule kwenye kipaza sauti. Alikuwa darasa la sita, na hakuna mwenzake aliyemshinda kusoma zile alama nyingi za Kijapani zinazobeba maana. Kwa hiyo shule za mji zilipokutana kwa riadha, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaita washindani wa kuruka umbali.

"Wakifika uwanjani, waulize wote majina yao," Mwalimu Mitsuoka alimwambia. "Kisha juu ya kila jina uandike herufi ndogo za sauti. Usikisie, maana alama moja huweza kusomwa kwa sauti nyingi."

Chizuru aliitazama karatasi ya majina. Alama zote alizijua. Akaziandika herufi ndogo mwenyewe, bila kumuuliza mtu.

"Umewauliza?" mwalimu alimhoji siku ya mashindano.

"Ndiyo, Mwalimu."

Jua lilikuwa limeshawaka uwanjani alipofikia jina lenye alama ya mashariki na alama ya ghuba. "Higashie Nagi!" aliita. Hakuna aliyejitokeza. Akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi. Msimamizi alisubiri, akaangalia saa, akainua bendera nyekundu. Zamu ikapita.

Baadaye kidogo msichana mmoja mwembamba alimwendea msimamizi. "Samahani, mbona mimi siitwi? Naitwa Agarie Nagi."

Watoto waliokuwa karibu wakaangua kicheko. "Kumbe Higashie ndiye wewe! Umesahau jina lako?"

"Silijui mimi, au halijui huyo wa kipaza sauti?" Nagi aliwajibu, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa amehamia kutoka Okinawa mwezi uliopita, na haya yalikuwa mashindano yake ya kwanza hapo. Kila msichana alikuwa na mruko mmoja asubuhi na mwingine baada ya chakula. Yeye sasa alibakiwa na mmoja tu.

Chizuru aliyasikia yote. Angeweza kusema kwamba Nagi mwenyewe ndiye aliyemtajia vibaya. Nani angejua? Akakiweka chini kipaza sauti, akamwendea Mwalimu Mitsuoka.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikumuuliza mtu hata mmoja."

"Na majina mengine?"

"Nayo nimekisia."

Mwalimu alimnyooshea penseli na kifutio. "Basi mapumziko huna. Nadhani unajua uanze na nani."

Wenzake walipokuwa wakifungua matonge yao ya wali, Chizuru alishika penseli na kifutio, akaenda kumwinamia Nagi kwa heshima. "Nisamehe. Nimekukosesha zamu. Tafadhali nifundishe kulisoma."

Nagi alimtazama kwanza. "Agari-e. Kwetu mashariki tunaita agari, yaani jua linakopanda. Alama ni ileile, sauti ndiyo yetu. Na ukikosea tena, nitakurukia wewe badala ya mchanga!"

Chizuru akaandika, kisha akaendelea kwa mwingine, na mwingine. Wavulana walikuwa bado hawajaitwa, na mmoja wao jina lake liliandikwa kwa alama za mwezi, kuona na kijiji. "Wewe ni Tsukimisato?" alimuuliza.

Mvulana akacheka hadi akapaliwa. "Sisi ni Yamanashi! Maana yake hakuna mlima. Pasipo mlima, mwezi si unaonekana?"

Chizuru naye akacheka, akafuta, akaandika upya. Filimbi ilipolia alikuwa na njaa, lakini hakuna jina lililobaki bila kuulizwa.

"Agarie Nagi!"

Nagi alitimua mbio, akakanyaga ubao, akaruka. Mchanga ukatawanyika. Walipopima, alikuwa wa tatu, akarusha ngumi hewani.

Jioni, wakikunja nyaya za vipaza sauti, Mwalimu Mitsuoka alisema, "Chizuru, alama zinakupa maana, nawe unazijua vizuri. Lakini sauti ya jina anayo mwenye jina. Kumuuliza ni kazi, na kazi hiyo usiikwepe kwa kuwa tu unajiona hodari. Ukishakosea, sema mapema kama ulivyosema leo, wakati mtu bado ana mruko uliobaki."