Ugonjwa Uliosingiziwa Magadi

Mwongeli alikuwa na sifa moja kiwandani: hakuwa mtu wa kadi.

Alishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Mstari wao ulikuwa na wanawake thelathini na kadi mbili tu za choo. Mtu hakuinuka bila kuvaa kadi shingoni. Mwongeli alikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, nyumbani Kitengela, kisha hakuonja kitu cha majimaji mpaka jioni. Haja ndogo ikimbana, alikaza miguu akaendelea kushona. Msimamizi alimsifu mbele ya wenzake, naye akaona fahari. Sifa nyingine ni mzigo, lakini hilo alikuwa bado hajalijua.

Hata nyumbani hakuwa mnywaji wa maji. Maji ya bomba la ploti walimopanga yalikuwa ya chumvi. Maji matamu yaliletwa na mkokoteni wa punda, naye aliyaweka kwa ajili ya chai na mboga.

Mumewe, Kiema, alifanya kazi mbali, mji wa Magadi, akichimba magadi ziwani katika jua kali. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili na mkewe na binti yao, Ndulu. Ilikuwa mwaka wa 2003, na walikuwa wameoana miaka sita. Mwongeli alimpenda sana, na ndiyo maana jambo lililoanza Januari lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Kila Kiema alipokuja na kurudi kazini, siku mbili baadaye Mwongeli alianza kuungua. Alikwenda choo kila mara, akatoa matone tu, na matone hayo yalichoma kama pilipili. Tumbo la chini lilivuta. Mkojo ulikuwa mzito na wenye harufu. Alinunua dukani kapsuli nne za rangi mbili, akameza, akapata nafuu, akanyamaza. Februari maumivu yakarudi. Machi pia.

Aprili alimnong'onezea Phylis, jirani yake wa cherehani.

"Na inakuanza bwana akishakuja kutoka Magadi?" Phylis aliuliza.

"Kila mwezi."

"Basi wewe unauliza nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, Mama Ndulu. Huyo ako na mtu huko, na anakuletea ugonjwa."

Maneno hayo yalimkaa Mwongeli rohoni. Kuanzia siku hiyo aliuita ugonjwa wake "wa Magadi". Alijisugua mpaka ndani kwa sabuni na dawa ya kuua vidudu, na uchungu ukazidi. Mwishoni mwa Aprili Kiema alikuja na zawadi ya viatu vya Ndulu. Mwongeli alivitazama akafikiri, huyu ananifunga macho kwa viatu. Alipoondoka, moto ukawaka tena, na safari hii haukuzimika mwezi mzima. Mwongeli akaapa kwamba Mei Kiema hataingia mlango huo.

Alhamisi ya mwisho ya Mei alikusanya nguo za Kiema, akazitia katika mfuko mkubwa wa buluu, akauweka kando ya mlango. Kiema angefika kesho yake jioni. Mwongeli alitoka kwenda kamba ya nguo kuchukua shati lililobaki, ndipo maumivu yakampinda, akashika ukuta.

Jirani yake Jentrix alikuwa akianika shuka. Jentrix alitoka Bungoma na alikuwa muuguzi katika kliniki karibu na soko. Ploti nzima ilimwita Sista.

"Mama Ndulu, unaumwa wapi?"

"Ni kiuno tu, Sista."

"Kiuno haikupeleki choo mara nne nikianika shuka tatu. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Mwongeli alilia, kisha akasema yote: Magadi, Phylis, kapsuli, mfuko wa buluu.

Jentrix hakucheka. "Labda ni hivyo, labda sivyo," alisema. "Kuungua si jina la ugonjwa. Kabla hujatoa huo mfuko nje, niletee mkojo kliniki kesho asubuhi."

Ijumaa Mwongeli aliomba ruhusa kazini. Kliniki walimpa chupa safi. Aliambiwa ajisafishe kwa maji, aache mkojo wa kwanza upite, kisha akinge wa katikati. Kwa sababu alikuwa na shaka, walimpima magonjwa ya zinaa pia. Alisubiri kwenye benchi. Aliona kwamba ndoa yake ilikuwa ndani ya kile kichupa.

Jentrix alimwita ndani na kufunga mlango.

"Magonjwa ya zinaa hatujaona. Uko na maambukizi ya njia ya mkojo. Hivi vijidudu hukaa kwa matumbo yetu sote. Si vya Magadi, ni vyako mwenyewe."

"Sasa mbona vinakuja na Kiema?"

"Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, na iko karibu na njia ya haja kubwa. Mume na mke wakikutana, vijidudu vinasukumwa ndani. Ukikojoa baadaye, mkojo unasaidia kuviosha. Wewe hunywi maji, na mkojo unaubana mchana kutwa. Vikiingia, vinapata nyumba na vinazaana."

Mwongeli aliinamisha kichwa. "Na zile kapsuli?"

"Zilipunguza, hazikumaliza. Leo daktari anakupa dawa ya siku tano. Umalize zote, hata ukipona siku ya pili. Kunywa maji mara kwa mara. Usibane mkojo. Ukienda haja kubwa, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Na ile dawa ya vidudu uache, ndani hujisafisha penyewe. Ukipata homa, baridi ya kutetemesha, maumivu ya mgongo chini ya mbavu, au damu kwa mkojo, ama ukiwa mjamzito na uungue hivi, usingoje hata siku moja. Hapo figo iko hatarini."

Mwongeli alirudi nyumbani karibu akimbie. Alitaka kuondoa mfuko kabla mumewe hajafika. Lakini Kiema alipata lifti ya mapema, na alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya mfuko wa buluu.

"Nguo zangu zinasafiri?" aliuliza.

Mwongeli angeweza kumdanganya. Alimweleza kila kitu.

Kiema alitoa mkono wake mfukoni. "Tangu Aprili ulikuwa unaniona hivyo?"

"Ndiyo. Niliogopa kukuuliza. Nisamehe, Baba Ndulu."

Aliumia, na uso wake ulionyesha. Kisha akaanza kutoa nguo, shati moja moja, na kuzirudisha kwenye msumari.

"Huko Magadi tunaambiwa tuangalie rangi ya mkojo," alisema. "Ukiwa kama chai ya rangi, kunywa maji. Mimi najua hiyo miaka yote, na sikuwahi kukuambia." Akachota maji matamu kikombe tele, akampa. "Haya maji si ya mboga peke yake."

Siku tano zilipita, na dawa zikaisha zote. Juni Kiema alikuja, akaenda, na Mwongeli hakuungua. Julai vivyo hivyo.

Kiwandani sasa anaweka chupa ya maji chini ya cherehani. Yeye na wenzake walipanga zamu: kadi inazunguka mstari mzima, ikikufikia unakwenda. Msimamizi alinuna wiki ya kwanza, kisha akazoea.

Siku moja kadi ilipomfikia, Phylis alimvuta nguo.

"Na ule ugonjwa wa Magadi uliishia wapi?"

Mwongeli akavaa kadi shingoni.

"Haukutoka Magadi," alisema. "Ulitoka hapa, kwa hiki kiti changu."