Kibanio cha Injini ya Kulia

Kila asubuhi ya likizo, baada ya chai, Chiriku alishuka ngazi ya chumba cha injini akiwa na ndoo, brashi na tambara. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa boti moja ya starehe, na mjomba ndiye nahodha. Boti ilikuwa na injini mbili za dizeli, ya kushoto na ya kulia, na kila moja ilikuwa na chujio la kunasa majani na takataka. Maji ya bahari hupita kwenye chujio, kisha huenda kuipooza injini. Kusafisha machujio hayo mawili ndiyo iliyokuwa kazi ya Chiriku.

Mama hakutumia daftari, maana karatasi kule chini zililowa dizeli zikawa kama maandazi. Badala yake alifunga kamba mbili ukutani, nyekundu na nyeupe, akaning'iniza vibanio vya nguo alivyoviandika kwa wino: mkanda, oili, chujio la kushoto, chujio la kulia. Kazi ikiisha, aliyeifanya anahamisha kibanio kutoka kamba nyekundu kwenda nyeupe. Vyote vikifika kwenye nyeupe, nahodha anawasha injini. Hapana wa kuuliza mara ya pili.

Asubuhi hiyo Chiriku alishuka amenuna. Wenzake walikuwa wameshaanza kucheza mpira nje ya gati, na vicheko vyao vilimfikia hadi chini.

"Mama, niende kwanza nirudi?"

"Ukimaliza," alisema mama bila kugeuka. Naye alikuwa na hasira zake. Wiki iliyopita taa ya oili iliwaka kwa sababu ya waya mbovu, na tajiri, yaani mwenye boti, alimwambia mbele ya watu: "Taa nyingine ikiwaka, natafuta fundi mwingine."

Chujio la kushoto lilikuwa karibu na ngazi. Chiriku alilisugua upesi upesi. La kulia lilikuwa nyuma ya betri. Ilibidi mtu alale kifudifudi, atambae, avumilie harufu ya matope yaliyooza. Jana hakulifikia, juzi pia hakulifikia, na boti ilikwenda vizuri tu. Basi akavihamisha vibanio vyote viwili, akapanda ngazi mbio.

Hakucheza sana. Mjomba alimwita wakaijaribu boti kabla ya wageni wa tajiri, waliotarajiwa saa nane mchana. Hawakuwa wamefika mbali na gati pale taa nyekundu ilipowaka mbele ya usukani, na kidude chake kikaanza kulia piii, mfululizo.

"Ya kulia inachemka," alisema mjomba, akaizima papo hapo. Wakarudi kwa injini ya kushoto peke yake, boti ikienda upande upande kama kaa.

"Nilikwambia uikague vizuri," mjomba alifoka walipofunga kamba.

"Na mimi nilikwambia usinifundishe kazi yangu," mama akamjibu. "Shika usukani wako, kaka, niachie injini zangu."

"Injini zako zitatufukuzisha wote."

Mama alimpa kisogo. Alishuka, akavitazama vibanio. Vyote vilikuwa kwenye kamba nyeupe. "Machujio ni safi," alijisemea, "kwa hiyo kosa liko kwingine." Akaugusa mkanda, haukulegea. Alipoona mvuke ukitoka, hakuthubutu kufungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya ndani ya injini. Alisubiri ipoe, akafungua kwa tambara nene, akakuta maji yamejaa. Sasa ikabaki pampu ya kuvuta maji ya bahari, na pampu hiyo ilifungwa kwa skrubu sita zilizoliwa na kutu.

Mjomba alichungulia kutoka juu. "Pengine taa ndiyo inayosema uongo, kama ile ya wiki iliyopita. Kata waya wake, twende zetu."

"Ile niliipima kwanza ndipo nikailaumu. Na wewe umeuona mvuke kwa macho yako. Nikikata waya injini haitapoa, itaungua kimya kimya. Ondoka hapo, unanizibia mwanga."

Chiriku alikaa kwenye ngazi, ameshika tochi. Alimkasirikia mjomba kwa kufoka, akamkasirikia tajiri kwa maneno yake, akaikasirikia hata ile taa. Lakini kila tochi ilipopita ukutani, ilimulika kibanio cha chujio la kulia, na hasira yote ikamrudia mwenyewe.

Skrubu ya nne ilikatika ghafla. Mkono wa mama uliteleza, ukagonga bomba lililokuwa bado la moto. Ngozi ya kiganja ikababuka. Mama alisonya, akafunga mkono kwa leso, akaendelea. Alipofungua pampu akakuta gurudumu lake la mpira ni zima, halina hata ufa.

"Saa nzima," alisema kwa sauti ya chini. "Saa nzima, na sioni kitu. Leo wananifukuza."

"Mama." Sauti ya Chiriku ilikuwa nyembamba. "La kulia sikulisafisha."

Mama aligeuka. "Kibanio nimekiona kwenye nyeupe."

"Nilikihamisha tu. Jana pia. Na juzi."

Chiriku alingoja kufokewa, kungekuwa afadhali. Mama alimtazama, akautazama mkono wake uliofungwa, kisha akasema, "Funga koki ya maji. Tambaa. Kalifungue."

Chiriku alitambaa. Alipofungua kifuniko alikuta mfuko wa plastiki umejikunja pamoja na majani meusi, umeziba kila tundu. Aliutoa kwa vidole, akasugua chujio mpaka likang'aa, akalirudisha na kufungua koki. Mama naye akaifunga pampu. Injini ilipowashwa, maji yaliruka kwa nguvu kutoka nyuma ya boti, na taa ikabaki imezimika.

Saa nane kasorobo tajiri alifika na wageni wake. "Nasikia taa imewaka tena."

Mama alimsukuma Chiriku mbele. "Mwambie wewe."

Chiriku alisema yote, macho yakiwa kwenye viatu vya tajiri.

"Na fundi mkubwa hakukagua?" tajiri aliuliza kwa ukali.

"Sikukagua," alisema mama. "Nilikiamini kibanio. Kosa la boti hii ni langu, la mtoto tutalimaliza nyumbani."

Tajiri alikunja uso. "Twendeni. Nitaiona taa hiyo mwenyewe." Alisimama nyuma ya usukani safari yote, mikono kifuani. Taa haikuwaka. Waliporudi alishuka bila kuaga, alipofika mbali aligeuka, akasema, "Fundi, kesho saa mbili. Usichelewe."

Mjomba alishusha pumzi, akamgeukia Chiriku. "Kitendawili."

"Tega," alisema Chiriku kwa woga.

"Anaishi katikati ya maji, lakini leo nusura afe kwa kiu."

"Injini ya kulia."

Mjomba alicheka. Mama hakucheka.

"Bado nina hasira," alisema, "na nitalala nayo. Ile taa tungeikata waya, tungekuwa tumeinyamazisha tu. Nawe kwa siku tatu ulifanya hivyo hivyo: ulininyamazishia kibanio. Nilipoteza saa nzima na ngozi ya mkono nikitafuta kosa mahali lisipokuwepo, kwa sababu uliniambia mahali lilipo ni pazuri. Kazi usiyoifanya inaweza kufanywa kesho. Lakini ukisema umeifanya, hakuna atakayeitafuta tena."

Kisha akavirudisha vibanio vyote kwenye kamba nyekundu.

Asubuhi iliyofuata wenzake walimwita kutoka gatini. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya betri, akianza na chujio la kulia. Alipokihamisha kibanio chake, kilibaki na alama ya kidole cheusi cha matope. Vibanio vyote vilipofika kwenye nyeupe, mama aliiona alama hiyo, akamwita mjomba awashe injini, wala hakuuliza.