Kifuniko Kilichopigwa Msasa

Vumbi la Oktoba lilikuwa limetanda kwenye soko la Majengo, Dodoma, siku ile Mbwana alipomsikia mwanamke akibishana na muuza vifaa. Mwanamke alitaka feni ndogo ya mezani, muuzaji alikuwa akimsifia ya dari. Mbwana alisimama nyuma yake na karatasi za msasa mkononi, akingoja zamu yake, na huenda angenyamaza kama asingesikia kwamba feni yenyewe si ya mtu bali ya kompyuta.

"Inazimika kila siku saa sita mchana," mwanamke alikuwa akieleza. "Tumeifungua ubavu, sasa tunataka kuipepea."

"Ukiipepea hivyo utaijaza vumbi, dada," Mbwana alisema. "Itaanza kuzimika saa tano."

Mwanamke akageuka. Baibui lake lilikuwa limepauka mabegani kwa jua, lakini mtandio wake ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee, umefungwa kwa uangalifu wa mtu aliyejitazama kwenye kioo mara mbili kabla ya kutoka. Aliiangalia ile misasa.

"Na wewe seremala unajua nini kuhusu kompyuta?"

"Mimi ni fundi kompyuta."

"Na hiyo misasa?"

"Ya kompyuta."

Alicheka mpaka muuza feni naye akacheka. Hivyo ndivyo Mbwana alivyomjua Munira, mzaliwa wa Kondoa kama yeye, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ukiisha vizuri, angeajiriwa moja kwa moja.

Mbwana alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kila kitu maishani kilimfikia kwa kuchelewa. Alikata zabibu za watu Makutupora kwa miaka kumi kabla ya kuanza masomo ya jioni, akikaa dawati moja na vijana waliomwamkia shikamoo. Kila alipoinuka kwenye sijda alikuwa ameomba mambo mawili, elimu na mke. La kwanza lilikuja na mvi. Tangu siku ile sokoni alimwomba Mungu la pili lisichelewe, na tena sasa lilikuwa na jina.

Munira alianza kupita dukani kwake jioni, akitaka kuona kompyuta zinavyopigwa msasa. Mbwana alimwonyesha. Prosesa, alimwambia, ndiyo kichwa cha mashine, na juu yake kuna kifuniko cha chuma kinachopokea joto na kulipeleka kwenye pande la bati lenye feni. Kwa macho kifuniko kimenyooka. Lakini alipousimamisha wembe juu yake na kumwambia atazame kwa usawa wa jicho, Munira aliona mwanga ukipenya katikati, chini ya wembe. Panapopita mwanga, Mbwana alisema, joto halivuki vizuri. Kwa hiyo alibandika msasa juu ya kipande cha kioo, akadondoshea maji, akakisugua kifuniko taratibu, kutoka msasa mkali hadi ule laini kama kitambaa, mpaka ngozi ya fedha ikatoka na shaba nyekundu ikajitokeza. Alishajaribu prosesa nne za zamani. Moja aliiua. Tatu zilipoa, na digrii za kila moja alikuwa ameziandika kwenye daftari, saa ileile ya mchana, mlango wa duka ukiwa wazi vilevile.

"Unaisugua kama sufuria ya harusi," Munira alisema.

"Basi tutafute harusi."

Munira aliinamisha uso, na Mbwana alifunga duka jioni hiyo akiwa hajui amelifunga.

Simu zikawa nyingi. Munira alipenda kupiga saa sita na nusu, mashine yake ikishazimika na yeye hana la kufanya.

"Fundi wangu wa misasa, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Mgonjwa kazirai mara mbili leo. Kazirai na barua ya mkurugenzi ndani yake, na mimi ndiye ninayeandika maelezo."

Fomu ya kuomba matengenezo ilikuwa imelala miezi miwili mezani kwa mtu. Ijumaa moja Munira alikosa uvumilivu. Alilifunga boksi la kompyuta kwa kanga, akalipakata kwenye bodaboda, akalifikisha dukani. Alimwomba Mbwana atoe vumbi, abadilishe dawa ya kupitishia joto, na Jumatatu alfajiri amrudishie kama ilivyokuwa. Ni amana, alisema. Mbwana aliitikia inshallah.

Alitoa vumbi. Alibadilisha dawa. Kisha Jumapili, baada ya adhuhuri, aliusimamisha wembe juu ya kile kifuniko, akauona mwanga. Akamfikiria Munira akiandika maelezo. Alisugua saa tatu nzima, mikono ikimuuma, na moyo wake ulikuwa mweupe kama wa mtu anayeshona nguo ya mtoto wake. Mashine iliyokuwa ikifika digrii tisini na tatu ikasimama kwenye themanini na moja. Hakumwambia. Alitaka ashangae mwenyewe.

"Umeifanya nini?" Munira aliuliza baada ya wiki mbili bila kuzimika.

"Nimeisomea dua."

"Mwongo wewe," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuambiwa zaidi.

Machi, Mbwana alituma mshenga Kondoa na barua ya posa. Wazee waliipokea, wakasema watajibu. Mwezi wa Mei ulifika jibu likiwa bado njiani, na Mei ndipo ofisi ya Munira ilipofanya uhakiki wa mali.

Miaka ya nyuma vifaa viliibwa pale, vikabadilishwa na vibovu, hivyo mtunza stoo alikuwa na kawaida ya kufungua kila mashine mpya na kunakili kwenye rejista namba iliyochorwa juu ya kifuniko cha prosesa. Safari hii alifungua moja baada ya nyingine, akisoma na kuweka alama ya vema. Alipoifungua ya masijala alikuta shaba tupu, haina hata herufi. Dodoma nzima inajua maana yake. Mwizi hufuta namba kwanza, ndipo auze.

Simu ya Munira ilimkuta Mbwana akitoka msikitini.

"Mbwana, prosesa ya ofisi iko wapi?"

"Imo mlemle."

"Haina namba."

Siku zote alizosugua hakuwahi kufikiri kwamba maandishi yale yana mtu anayeyasoma.

"Nilizifuta mimi," alisema. "Kwa msasa, ili ipoe. Munira, ni ileile."

"Ulizifuta."

"Ni ileile, wallahi."

"Nimesimama mbele ya watu watano hapa," Munira alisema polepole. "Nimewaambia haijafunguliwa na mtu ila fundi ninayemwamini. Sasa niwaambie nini?"

Kabla hajajibu, simu ilikatika. Tangu hapo kila alipopiga haikupokelewa. Munira alisimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Mbwana alikwenda ofisini na daftari lake. Mwenyekiti wa kamati ya uhakiki, mama wa makamo aliyeitwa Generosa, alilifungua ukurasa kwa ukurasa kwa subira, kisha akamuuliza ni wapi humo panapothibitisha kwamba iliyopigwa msasa ndiyo yao. Hapakuwapo. Alikuwa ameandika digrii, tarehe, saa, hata aina ya msasa. Namba hakuandika.

Siku ya tatu aliingia dukani Abdulwahab, kaka yake Munira, kutoka Kondoa. Alisalimia vizuri, akaulizia afya, akanywa chai aliyokaribishwa. Halafu akatoa bahasha kwenye koti, akaiweka kaunta.

"Baba anasema barua hii haina jibu," alisema.

Alipoondoka, Mbwana aliendelea kuitazama bahasha kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakumlaumu mzee. Yeye naye, kama angekuwa na binti, asingempa mtu anayefuta namba.

Siku ya kumi, baada ya swala ya alfajiri, alizitandaza mezani prosesa zake zote za zamani na kuzigeuza moja moja, bila kujua anatafuta nini. Kwenye ukingo wa kibao cha kijani kinachobeba kifuniko aliona vijitarakimu, vidogo kama mayai ya chawa. Alichukua prosesa ambayo hajaipiga msasa, akalinganisha. Zilikuwa tarakimu nne za mwisho za namba ya juu. Akalinganisha ya pili, kisha ya tatu. Alisujudu palepale sakafuni, kisha akakimbia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Generosa mlangoni, akihema. "Naomba muifungue mara moja tu."

Walifungua. Mtunza stoo alisoma rejista kwa sauti, inaishia sifuri, nne, saba, moja. Generosa aliinama na lenzi, akausoma ukingo tarakimu kwa tarakimu.

"Sifuri nne saba moja," alisema. "Ni yetu."

Mbwana alitoka pale akilia hadharani. Lakini barua aliyoandikiwa Munira kesho yake ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimsafisha na wizi. Ya pili ilisema alitoa mali ya ofisi nje bila kibali, hivyo mkataba wake ukiisha Juni hautaongezwa.

Mbwana alimkuta Munira Chang'ombe, kwenye nyumba aliyopanga pamoja na Jenifa, mwenzake wa ofisini. Jenifa alimwita nje, akawaachia kibaraza. Munira alitoka na kanga mbili tu, macho hayana wanja, vidole vimechafuka vumbi la kufungasha mizigo.

"Nisamehe," Mbwana alisema.

"Kwa lipi? Hukuiba."

"Uliniachia kitu chako nikakibadilisha bila kukuuliza."

Munira aliitikia kwa kichwa. Alionekana amekuwa akilingoja neno hilo kuliko lile la Generosa.

"Siku kumi na moja nilikuita mwizi, Mbwana. Hata kwenye mswala. Nilikuombea mabaya. Na mimi unisamehe."

"Nimesamehe." Kisha akayasema yote kwa pamoja, kwamba atamtuma mshenga tena, hata kesho, kwamba duka linawatosha wote wawili, hana haja ya ofisi ile.

"Ukinioa sasa utakuwa unanilipa," Munira alisema. "Sitaki kuolewa kama fidia."

"Si fidia. Nakupenda."

"Najua unanipenda. Nakuuliza kingine. Kinachokuharakisha wiki hii ni mapenzi, au ni aibu?"

Mbwana alijichungua mbele ya Mola wake, akatafuta jibu ambalo angeweza kuliapia, asilipate. Munira aliliona hilo usoni mwake, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya uhakiki sauti yake ikalainika.

"Usinipigie," alisema. "Nitakapokuwa na langu la kukuambia, nitapiga mimi."

Alirudi Kondoa Alhamisi na Abdulwahab. Julai ilileta upepo wa baridi, na Jenifa alipopita dukani alimsimulia, pasipo kuulizwa, kwamba masijala kuna karani mpya, na ile mashine inashinda kutwa bila kuzimika hata mara moja. Mbwana alisema alhamdulillahi, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Alasiri iliingia. Alitawadha kwa maji baridi, akatandika mswala nyuma ya kaunta. Zamani alikuwa akiizima simu kabla ya kuswali. Sasa aliiweka karibu na ukuta, mlio wake ukiwa wazi, akamwomba Mungu radhi kwa hilo, kisha akainua mikono.