Kipima Moshi cha Samira

Hebu niambie, moshi unapimwaje? Haujazi debe, mizani haiushiki. Zita, msichana wa darasa la sita huko Endasak, alijiuliza hivyo asubuhi moja akichochea kuni chini ya sufuria ya uji, machozi yakimtoka. Ukutani, usawa wa uso wake, kilining'inia kisanduku cheupe kidogo. Kilitundikwa jana yake na Samira, binti wa Katesh anayesoma chuo kikuu.

"Kitapima moshi wa jikoni siku saba," Samira alikuwa amesema. "Msikiondoe."

Bibi Evaline, bibi yake Zita, aliingia akikohoa. Akakitazama kisanduku, akaguna.

"Mali ya mgeni hii, tayari ina masizi! Tutaonekana watu gani?"

"Bibi, Dada Samira alisema kisiondolewe."

"Alisema kwa adabu tu. Mgeni akikuachia kitu, unakitunza."

Bibi akakipangusa kwa upindo wa kitenge, akakiweka sebuleni juu ya kabati, pamoja na sahani zinazotoka Krismasi tu. Zita akarudi kuchochea kuni. Siku ya nane, mapema, Bibi akakirudisha kwenye msumari wake jikoni, kikiwa kinang'aa.

Samira alifika kwa bodaboda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa unywe maziwa."

Samira akaunganisha kisanduku na kompyuta. Zita akasogea karibu.

"Dada, huo mstari unasema nini?"

"Moshi ukizidi, unapanda. Wenu umelala kama mbwa aliyeshiba! Hewa yenu safi kuliko ya bwenini kwangu."

Bibi akatabasamu. Zita hakutabasamu.

"Na hizo namba zinakwenda wapi?"

"Chuoni tunaandika ripoti. Inapelekwa serikalini, kwa wanaopanga mambo ya nishati. Inawasaidia kuamua majiko banifu, yale yenye moshi mdogo, yaanzie wapi. Kitongoji hiki tumepima nyumba yenu tu. Kwa namba hizi, nadhani mtakuwa wa mwisho."

Bibi akakohoa, akashika kifua. Zita alitazama mikono yake mwenyewe. Akisema, atamwaibisha Bibi. Asiposema, majirani wote watasubiri.

"Dada, kisanduku hakikuwa jikoni. Kilikaa sebuleni wiki nzima."

"Zita! Mbele ya mgeni?"

"Nisamehe, Bibi. Lakini moshi unaokukohoza haukuandikwa."

Samira hakukasirika. Alifuta zile namba zote, akakitundika tena kisanduku pale pale. Safari hii Bibi alikiacha mpaka kikawa cheusi kama chungu, na Samira aliporudi wiki ilipokwisha, mstari ulikuwa umepanda hata Zita akapiga mluzi.

"Bibi," Samira akasema taratibu, "ulinitunzia kifaa kwa heshima, nami nakushukuru. Ila mwenye kuamua yuko mbali, hawezi kuja kuinama kwenye kila jiko. Anategemea namba zetu. Namba ikikosewa, hata kwa wema, uamuzi nao unakosea. Zita amefanya vyema kusema kweli."

Bibi akamvuta mjukuu wake ubavuni.

"Sasa, Bibi, kwenye ripoti kuna sehemu ya maoni yako. Mara ya kwanza uliniambia niandike huna shida."

"Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

Bibi alifikicha macho yake mekundu.

"Leo andika hivi: Evaline wa Endasak anataka jiko ambalo atapikia na mjukuu wake, wasimulie hadithi, na wote wawili waweze kuonana."