Mume Wangu Alinipa Vidonge vya Machimboni, Kisha Akaniita Kichaa

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Ngokolo, hapa Shinyanga. Ndugu wasomaji, kuna watu wanaitwa waume... sijui ni nani aliyewapa jina hilo!

Baada ya kujifungua mtoto mfu, mdogo wake binti yetu Neema, nilishindwa kula, hata kuoga. Mama alikuja kutoka Samuye kunihudumia. Hospitalini nikaandikiwa dawa za sonona, na taratibu nikarudi kuuza vitenge sokoni.

Mume wangu, Masanja, alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, huko Geita. Huko aliwauzia wachimbaji wenzake tramado, vidonge vikali vya maumivu, ili wachimbe bila kusikia uchovu. Kwa ujinga huo akajiita daktari! Hata karatasi ya dawa hajui kuisoma...

Alipokuja nyumbani alinikuta mgongo unaniuma, akanipa vidonge vyake.

"Baba Neema, daktari alinikataza kuchanganya dawa," nikamwambia.

Akacheka. "Hao wanajua nini? Meza, mke wangu."

Maumivu yalinizidi, nikameza. Mwili ukawaka moto! Jasho likanitiririka, miguu ikarukaruka yenyewe, nikawa naropoka maneno yasiyoeleweka. Unadhani alinikimbiza hospitali? Thubutu! Aliwapigia simu ndugu zake, akawaambia nimepata kichaa cha kurithi ukoo wa kwetu. Akabeba begi lake, akarudi Geita kwa hawara yake!

Mama ndiye aliyenipakia kwenye bajaji, vidonge vile mkononi. Daktari alipoviona akashika kichwa. Alimweleza mama kwamba dawa zote mbili huzidisha serotonini, kemikali ya kwenye ubongo na neva. Zikikutana, zinaweza kuua!

Wakazisitisha zote, wakanitundikia dripu na kunipoza mwili. Wakanipa pia dawa ya kuziba vipokezi, yaani sehemu za mwili zinazoipokea hiyo serotonini. Kumbe ni ileile wanayopewa watoto wasiopenda kula! Daktari alisema watafiti bado wanachunguza inasaidia kiasi gani. Mimi nilipona.

Nilipokwisha pata nguvu, bwana mkubwa akatokea, uso mkavu kama hakuna kilichotokea.

"Shikamoo, mama. Chai ipo?"

Mama aliendelea kuchambua mchele, kana kwamba mlangoni hapakuwa na mtu. Mimi nilimrushia viatu vyake nje. Hakustahili hata tusi!

Dada zangu, mkiwa kwenye dawa za sonona, mtajieni daktari kila kidonge mnachotaka kumeza, hata cha mgongo. Msiziache ghafla wala msichanganye kwa kumwamini mtu eti kwa sababu mnalala naye kitanda kimoja. Wangu alitaka kunizika, halafu aniombe chai!